Kamera ya joto kwa nyumba ya Tabora: je, inafaa kutafuta unyevu wa ukutani na hitilafu ya umeme?

Mkazi wa Isevya (Tabora)

Ndugu wadau, naomba ushauri wa wale wanaofahamu ujenzi na umeme kabla sijatoa fedha.

Nyumba yangu iko Isevya, Tabora mjini. Imejengwa kwa tofali za kuchoma, imeezekwa kwa bati na ina dari ya jipsamu. Tangu mvua zilipokatika mwezi wa Aprili, chumba cha kulala kinachopakana na bafu kina doa la unyevu kwenye ukuta wa bafu, kimo cha kiuno hivi, na lingine refu chini ya dirisha kwenye ukuta wa nje. Rangi inatoa malengelenge na plasta inatoa unga mweupe wa chumvi. Nilitarajia kiangazi kingekausha kila kitu, lakini sasa ni Julai, vumbi limetanda mji mzima, na doa la ukuta wa bafu limesogea hadi karibu na soketi. Zaidi ya hayo, RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) kwenye meini swichi inajikata mara kwa mara, hasa hita ya maji ya bafuni inapowashwa, ingawa si kila inapowashwa.

Fundi wa kwanza alisema paa linavuja. Wa pili alisema msingi haukuwekewa nailoni, hivyo maji yanapanda kutoka ardhini. Wa tatu anataka kubomoa vigae vyote vya bafu ndipo atafute. Sasa amejitokeza mtu mwenye kamera ya joto anayedai kwamba inaona ndani ya ukuta, kwamba atakuja saa sita mchana, atapiga picha nyumba nzima kwa nusu saa na kunipa ripoti kwa shilingi 120,000. Alinionyesha picha za nyumba nyingine zenye rangi nyekundu, njano na buluu. Zinavutia, ila sikuweza kujua zinathibitisha nini.

Je, kifaa hiki kinaweza kweli kutofautisha sababu hizo tatu? Je, kinaweza kuonyesha kwa nini RCD inajikata? Na je, mtu huyo aje saa sita mchana kama alivyosema?

Fundi Sanifu wa Ipuli (Tabora)

Ndugu yangu, nianze na saa, kwa kuwa hapo ndipo fedha za watu wengi hupotelea. Asije saa sita mchana. Nitaeleza sababu, lakini kwanza tuondoe dai la kwamba kamera inaona ndani ya ukuta, maana halina ukweli.

Kila kitu chenye joto, ukiwamo ukuta, hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho ambayo huitwa infraredi. Aliyeigundua ni mwanaastronomia William Herschel, mwaka 1800 huko Uingereza, alipotawanya mwanga wa jua kwa kipande cha kioo cha pembetatu na kuweka vipimajoto kwenye kila rangi, kisha akakuta kwamba kipimajoto kilichowekwa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote wa kuonekana, ndicho kilichopanda zaidi. Kamera za majengo za siku hizi hupokea mionzi hiyo kwenye mawimbi ya takribani mikromita 8 hadi 14 na kuigeuza kuwa picha. Lakini mionzi inayofika kwenye lenzi hutoka kwenye uso wa ukuta, yaani rangi na plasta ya juu kabisa. Kilicho nyuma yake, kiwe bomba, waya au tofali lililoloa, hakionekani mpaka kibadilishe joto la uso huo. Hata kioo cha dirisha ni pazia kwa kamera hii: ukiilenga kwenye dirisha utajiona mwenyewe badala ya mti ulio nje.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mtu wa kamera ni hili: je, ni nini kitakachofanya mahali penye tatizo pawe na joto tofauti na mahali pazima, na tofauti hiyo itakuwa kubwa zaidi saa ngapi?

Huko kwenye nchi za baridi swali hili hujijibu lenyewe. Nyumba inapashwa moto ndani, nje kuna theluji, na wakaguzi wao hupenda kuwe na tofauti ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi kati ya ndani na nje kabla ya kuanza kazi ya kutafuta mahali joto linapotorokea. Nyumba zetu zina madirisha ya wavu, milango iko wazi kutwa, na hewa ya ndani inatofautiana na ya nje kwa nyuzi chache tu. Mtu akikuahidi kutafuta mianya ya hewa katika nyumba ya Tabora anakuuzia kazi ya Ulaya. Sisi tunalazimika kutumia vitu vingine: uvukizi, jua, na maji yenyewe.

Uvukizi ndio msaada wako mkubwa mwezi huu. Kila gramu ya maji inayogeuka mvuke huchukua takribani kilojuli 2.4 za joto kutoka mahali ilipokuwa, kwa hiyo ukuta unaotoa unyevu hupoa kuliko ukuta mkavu ulio kando yake. Hewa ya Tabora ya Julai ni kavu sana, uvukizi unakwenda kwa kasi, na doa lililoloa laweza kuwa chini kwa nyuzi mbili, tatu au zaidi. Doa hilohilo ukilipiga picha Machi, hewa ikiwa imejaa unyevu na mvua inanyesha nje, laweza lisionekane kabisa ingawa ukuta umeloa zaidi. Kiangazi basi ni msimu mzuri wa kutafuta bomba linalovuja. Paa ni kinyume chake: paa lisilonyeshewa halina unyevu wa kuonyesha, na kamera ya Julai haiwezi kulitetea wala kulishtaki. Ila kwa kuwa hapajanyesha tangu Aprili na doa lako la bafuni linakua, mimi fundi wa paa ningemwacha apumzike kwanza.

Kwa ukuta wa nje lipo jambo la pili. Maji yanahitaji joto nyingi kupanda nyuzi moja, takribani mara tano ya tofali la uzito uleule. Sehemu iliyoloa inachelewa kupata joto asubuhi na inachelewa kupoa usiku. Jua linapoanza kuupiga ukuta, sehemu hiyo huonekana ya baridi. Usiku uvukizi unaipoza huku joto lililohifadhiwa likiipasha, na hutokea saa ambazo mambo hayo mawili yanafutana na picha inakuwa tupu. Mtu aliyepita mara moja na kukuambia ukuta ni mkavu huenda alipita saa hiyo. Ndiyo maana napendelea picha ya alfajiri kabla jua halijachomoza na nyingine ya ukuta huohuo katikati ya asubuhi. Saa sita mchana bati linachemka, dari nzima inatoa joto kuelekea chini, na ukuta ulio juani unaonyesha zaidi jua na vivuli vya miembe kuliko unyevu.

Kuhusu kutofautisha sababu, tazama umbo kuliko rangi. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hufanya ukanda wa ulalo unaoanzia sakafuni, na mara nyingi hauvuki mita moja. Wa paa huanzia juu, kwenye lenta au kona ya dari, na kushuka kama mchirizi. Bomba linalovuja ukutani hutoa baka lenye kitovu, au baka linalofuata njia ya bomba. Doa la kimo cha kiuno ukutani mwa bafu, karibu na koki ya kuogea, linanifanya nifikirie bomba kabla ya lingine lolote. Lile refu chini ya dirisha ni habari nyingine na huenda halihusiani nalo.

Kabla ya kulipa shilingi, fanya jaribio lisilo na gharama. Kama nyumba inatumia tanki lililo juu ya mnara, mita ya maji haitakusaidia, kwa kuwa iko kabla ya tanki. Funga koki inayoingiza maji tankini, funga koki zote za nyumbani, kisha usiku chovya kijiti kikavu mpaka chini ya tanki na ukikate alama kwa kisu mahali maji yalipofikia. Asubuhi chovya tena. Tanki la lita 1,000 lenye uso wa maji unaokaribia mita moja ya mraba likishuka sentimita moja, umepoteza takribani lita 10 bila mtu kuoga. Ufunge pia mpira wa choo, maana choo kinachovuja kimeshawabomolesha watu kuta.

Ikiwa limeshuka, tumia tanki hilohilo kama chombo cha kazi. Maji ya tanki jeusi alasiri yana joto, na ukuta wa ndani ni wa baridi kiasi. Fungua koki ya kuogea kwa muda huku kamera ikiwa upande wa chumbani. Usitarajie mstari mkali, kwani bomba la plastiki linapitisha joto polepole na plasta inalitawanya, lakini baada ya dakika kadhaa utaona njia ya bomba kama mkanda uliofifia. Mahali mkanda unapotanuka kuwa baka ndipo pa kuchimba, na ni vigae viwili au vitatu badala ya bafu zima.

Umeme Gungu (Kigoma)

Naunga mkono maelezo ya mzee wa Ipuli. Mimi nitajibu upande wa umeme, na ninaanza na tahadhari: unyevu umekaribia soketi na RCD inajikata, kwa hiyo zima breka ya saketi hiyo na ya hita leo, usisubiri kamera.

RCD ya kawaida ya nyumbani hukata umeme unapovuja takribani miliampia 30 kwenda ardhini. Kwa volti 230 huo ni uvujaji wa wati 7 kasoro kidogo, tena kwa muda usiofika sekunde moja kabla umeme haujakatika. Joto hilo halitoshi kuonekana ukutani. Mtu akikuambia atakuonyesha kwa picha mahali RCD inapokatikia, mwulize atauonaje moto wa wati 7 uliowaka kwa chini ya nusu sekunde. Kifaa cha kazi hiyo ni mega, inayopima uimara wa ngozi ya nyaya umeme ukiwa umezimwa: unatenganisha saketi moja moja, unapima, na ile yenye maji kwenye boksi au elementi ya hita iliyochakaa inajitaja yenyewe.

Kamera ya joto katika umeme ina kazi yake, nayo ni kutafuta maungio yaliyolegea na nyaya zilizozidiwa. Joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo, maana yake mkondo ukiongezeka mara mbili joto linakuwa mara nne. Hita ya kuogea ya wati 5,000 huvuta takribani ampia 22, na skrubu iliyolegea kwenye mkondo wa namna hiyo inaweza kuunguza plastiki bila breka kujua lolote, kwa kuwa breka inahesabu ampia na haipimi joto la skrubu. Nyumba nyingi ninazoingia hita imeongezwa baadaye, ikaungwa kwenye waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 badala ya kupewa waya wake mnene kutoka meini swichi.

Ukaguzi wa maana hufanyika nyumba ikiwa kwenye mzigo. Hita, pasi, birika na pampu viwe vimewashwa kwa muda wa kutosha joto kutulia, kisha kifuniko cha meini swichi kifunguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kamera haioni kupitia kifuniko, kiwe cha bati au cha plastiki, na usikifungue mwenyewe ili kumrahisishia mtu kazi. Hita yako sasa hivi haipaswi kuwashwa, kwa hiyo mega itangulie na kamera ifuate baada ya matengenezo.

Picha ikishapigwa, angalia joto limekaaje. Waya uliozidiwa huwa na joto sawasawa urefu wake wote. Ungio lililolegea lina joto kali kwenye skrubu, na linafifia kadiri unavyofuata waya kwenda mbali nalo. Linganisha breka na breka mwenzake wenye mzigo unaofanana. Vigezo vya shirika la Marekani liitwalo NETA, ambavyo hutumiwa na wakaguzi wengi, vinasema tofauti ya nyuzi 1 hadi 3 inastahili kuchunguzwa, 4 hadi 15 inaonyesha kuna hitilafu kwa uwezekano mkubwa, na zaidi ya 15 ni hitilafu kubwa ya kushughulikiwa mara moja.

Jambo moja ambalo wapiga picha wengi hawalijui: chuma au shaba inayong'aa haiaminiki mbele ya kamera hii. Ukuta uliopakwa rangi, tofali na plasta hutoa zaidi ya asilimia 90 ya mionzi inayotakiwa kulingana na joto lake, lakini alumini inayong'aa haifiki hata asilimia 10, na kinachobaki ni mionzi ya vitu vilivyo mbele yake inayoakisiwa. Skrubu inayowaka inaweza kusomeka kuwa ya baridi. Tunasoma joto kwenye ngozi ya waya iliyo jirani na skrubu, au kwenye kipande cha tepu nyeusi ya umeme kilichobandikwa hapo mapema umeme ukiwa umezimwa.

Mama wa Bangwe (Kigoma)

Kaka yangu wa Isevya, pole. Nakuongezea la kwetu ziwani ili usije ukamlipa mtu msimu usiofaa. Sisi tulileta kamera wakati wa mvua, na hewa ya Bangwe wakati huo ni nzito hata shuka haikauki. Ukuta wenye fangasi ulionekana rangi moja na ule mzima. Mpigaji alitangaza nyumba haina tatizo na akaondoka na fedha yake. Kiangazi kilipofika, ukanda wa baridi ukajitokeza wazi chini ya ukuta unaotazama ziwa.

Naomba pia nimwulize mzee wa Ipuli. Kwetu Kigoma jua la Julai linazama karibu saa moja jioni, na ukuta wa magharibi unabaki na joto mpaka usiku mkubwa. Je, ukuta huo nao upigwe alfajiri?

Fundi Sanifu wa Ipuli (Tabora)

Dada wa Bangwe, ndiyo, alfajiri ndiyo salama zaidi kwa ukuta wa magharibi. Ukitaka picha ya jioni, iwe mfululizo: moja jua linapozama na nyingine kila baada ya saa moja. Sehemu iliyoloa itaonekana inapoa kwa mwendo tofauti na jirani zake, na mwendo huo una maana kuliko picha moja.

Mfuga Nyuki wa Sikonge

Habari zenu wakuu. Nimevutwa na mada hii kwa sababu ya matumizi ambayo hayajatajwa. Huku kwetu nyuki kuingia kwenye dari ni jambo la kila mwaka, na wenye nyumba huanza kubomoa silingi mahali wanaposikia mvumo, kumbe mvumo unasafiri kwenye mbao na kiota kiko mbali. Nyuki huweka sehemu ya watoto wao kwenye nyuzi 34 hadi 35 usiku na mchana, kiangazi na masika. Usiku wa Juni au Julai, dari ya jipsamu ikiwa imepoa, kundi huonekana chini yake kama duara la joto lenye mipaka. Unajua ukubwa wake, unajua ungo na moshi viingie wapi, na unaondoa masega yote. Asali ikibaki juu ya dari inavuja na kuleta siafu. Mchana kazi hiyo haiwezekani, bati lina joto kuliko nyuki.

Kuhusu mchwa, watu huahidiwa mengi. Kundi kubwa lenye unyevu na joto lake huweza kuonekana likiwa nyuma ya ubao mwembamba, lakini njia zao ndani ya ukuta wa tofali mara nyingi hazibadilishi joto la uso. Gonga kenchi kwa mpini wa bisibisi na utafute vichuguu vya udongo kwanza.

Kijana wa Cheyo (Tabora)

Shikamooni wakubwa. Kwa nini asinunue ile ndogo inayochomekwa kwenye simu akajipigia mwenyewe?

Fundi Sanifu wa Ipuli (Tabora)

Marahaba. Anaweza, hasa kama ana nyumba za kupangisha. Atazame idadi ya nukta za joto, si zile za picha ya kawaida ambazo wauzaji hupenda kuzitangaza. Nukta 80 kwa 60 ni nukta 4,800 tu. Inatosha kuona baka la ukutani ukiwa karibu, lakini skrubu ya breka itapotea ndani ya nukta moja pamoja na vitu vya jirani. Nukta 256 kwa 192 zinapita 49,000, na tofauti unaiona kwa macho. Kampuni kama FLIR, Fluke na Testo zina za madaraja yote, na tofauti ya bei inatokana kwa sehemu kubwa na hizo nukta.

Ila aliyenunua ajue tabia moja ya kamera hizi. Rangi zake ni za kubuni. Kamera ikiachwa ijipangie yenyewe, huchukua joto la chini kabisa na la juu kabisa lililopo kwenye picha na kutandaza rangi zote katikati yake. Ukuta mkavu wenye tofauti ya nusu nyuzi kutoka kona hadi kona utaonekana kama ramani ya maafa, kwa kuwa kamera nyingi zinatambua tofauti ya sehemu ya kumi ya nyuzi au chini ya hapo. Funga kipimo, kwa mfano kati ya nyuzi 18 na 26, na utumie kipimo hicho kwa kuta zote ili ziweze kulinganishwa. Ripoti isiyo na mstari wa kipimo pembeni ya picha, isiyotaja saa, hali ya hewa na kama jua lilikuwa limeupiga ukuta, ni ya kutundikwa sebuleni. Na kila baka la buluu lithibitishwe kwa kipima unyevu chenye sindano, kwani plasta iliyobanduka, nguzo ya zege ndani ya ukuta au upepo wa feni unaweza kutoa baka lilelile.

Mkazi wa Isevya (Tabora)

Shikamoo mzee wa Ipuli, na shukrani kwenu nyote. Narudi na taarifa.

Tanki lilishuka usiku kucha bila mtu kutumia maji, alama mbili za kijiti zilionekana wazi. Nilimwambia mwenye kamera masharti yenu. Saa ya alfajiri hakuipenda, lakini alikubali kuja alasiri kwa ajili ya jaribio la maji na kurudi siku iliyofuata kabla ya jua. Kipimo tulikifunga kama ulivyoelekeza. Ukuta wa bafu kwa upande wa chumbani ulikuwa na baka lililo chini ya ukuta mkavu kwa nyuzi tatu na ushei. Maji ya tanki yalipopita, mkanda wa joto ulipanda wima kutoka sakafuni na kutanuka kwenye elbo (kiungo cha kona cha bomba) iliyo chini ya koki ya kuogea. Fundi bomba alitoa vigae vitatu. Elbo ilikuwa na ufa mwembamba usioonekana mpaka uifute kwa kitambaa kikavu na kusubiri tone. Paa halikuguswa.

Upande wa umeme, fundi mwenye leseni alipima kwa mega na kukuta waya wa hita ndio wenye tatizo, ulikuwa umepita kwenye boksi lililo ndani ya baka hilohilo la maji. Waya umebadilishwa na kupewa njia nyingine. Baada ya hapo tuliwasha mzigo na kupiga picha meini swichi, na hapo likaonekana jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: breka ya pampu ilikuwa juu ya wenzake kwa nyuzi 11, joto likiwa limekusanyika kwenye skrubu ya chini. Imekazwa upya na ncha ya waya iliyobabuka imekatwa.

Limebaki lile doa refu chini ya dirisha. Picha ya alfajiri inaonyesha ukanda wa baridi ulionyooka kutoka sakafuni, kimo chake ni chini kidogo ya goti, nao kwa urefu unaishia ghafla pale dirisha linapoishia. Kipima unyevu kimekubaliana nao. Fundi wa pili anasema hapo sasa ndipo tubomoe tuweke nailoni.

Fundi Sanifu wa Ipuli (Tabora)

Marahaba, na hongera kwa elbo. Nailoni subiri. Unyevu wa ardhini unaopanda kwenye msingi wote hauishii ghafla pale dirisha linapoishia, ungeendelea ukuta wote. Toka nje uangalie upande huo: kuna bustani ya maua, kifusi au udongo uliorundikwa ukapanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani? Au koki ya nje ya kumwagilia?

Mkazi wa Isevya (Tabora)

Ipo bustani ya maua, mzee, imepakana na ukuta kwa urefu uleule wa doa, na mke wangu huimwagilia kila jioni kwa kuwa ni kiangazi. Udongo wake umeinuka kuliko sakafu.

Fundi Sanifu wa Ipuli (Tabora)

Basi ondoa udongo huo mpaka ushuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, uhamishe maua mbali na ukuta, na mwambie shemeji amwagilie huko. Kwangua plasta iliyooza ya ndani ili tofali lipumue, wala usipake plasta mpya wala rangi kwa sasa. Baada ya wiki chache mwite mwenye kamera, au uazime kamera ya kijana wa Cheyo akinunua ya kwake, mpige tena alfajiri, mkisimama palepale na kwa kipimo kilekile cha nyuzi 18 hadi 26. Ukanda ukiwa umepungua, uache uendelee kukauka. Ukiwa palepale ulipo, uniite nije tuchimbe shimo moja nje, tuone msingi umewekewa nini.